Kata Iliyohitimu

Malalamiko ya Sigrada Mwalongo yalimfikia Edina Mligo Jumanne asubuhi, yakiwa ya nne kati ya kumi na moja aliyopangiwa siku hiyo. Mfumo ulikuwa umeshayasoma na kupendekeza jibu: "Yafungwe. Mlalamikaji aliridhia mwenyewe." Kilichobaki kwa Edina kilikuwa kusikiliza, kuhakikisha kwamba mfumo haukukosea, na kuweka kidole gumba kwenye kioo cha meza. Kwa kawaida kazi hiyo haikumchukua zaidi ya dakika mbili.

Ila jina alilijua. Aliinuka akafunga mlango wa ofisi, akarudi kitini, akairuhusu sauti.

"Mimi ni Sigrada Mwalongo, wa Lihanje. Mume wangu Ezekia Mtewele aliambiwa atachukuliwa na ndege tarehe kumi na tisa, apelekwe hospitali ya rufaa akapasuliwe moyo. Tulimvalisha koti lake la kanisani. Tulikaa naye kwenye kiwanja cha shule tangu ukungu haujatoka mpaka watoto wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Ndege haikuja. Tarehe moja alifariki. Sitaki kumgombeza mtu. Nataka tu kujua kwa nini walitusahau."

Chini ya malalamiko mfumo ulikuwa umeambatanisha ushahidi: mazungumzo ya tarehe kumi na nne, kutoka kwenye kidani cha Sigrada. Kila mtu mzima nchini alivaa kidani kama hicho shingoni, kidogo kama kifungo cha koti, na ndani yake alikaa Karani. Huyu Karani hakuwa mtu. Alikuwa ndiye ofisi zote za serikali kwa pamoja: ardhi, afya, vizazi na vifo, shule, mbolea. Ulimwita kwa sauti, naye akajibu kwa sauti.

"Mgonjwa Ezekia Mtewele amepangiwa kitanda tarehe kumi na tisa," Karani alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Amejitokeza mgonjwa mwingine ambaye hali yake ni ya hatari zaidi. Ukiwa msimamizi wa mgonjwa, je, unaridhia kuiachia nafasi hiyo na kurejea katika orodha ya kusubiri isiyo na tarehe? Je, umeelewa, na tuendelee?"

"Ndiyo, nimeelewa, endelea," Sigrada alijibu.

Alijibu papo hapo, sauti yake imesimama wima, ina hata fahari kidogo. Karani akashukuru. Kisha, kwa kuwa kidani kilichelewa kufunga masikio, ikasikika sauti ya mwanamume ikikohoa, na baada ya kukohoa ikauliza kutoka mbali, "Wamesemaje?"

"Wanakuja," Sigrada alisema.

Edina aliirudia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa hasikilizi tena maneno. Alikuwa anasikiliza ule mpigo, namna Sigrada alivyovuta pumzi ndogo baada ya "nimeelewa" kama mwimbaji anayejiandaa kwa mstari wa pili. Mpigo ule ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeufundisha.

* * *

Nchi ilikuwa imepiga hatua, na Edina asingekuwa mtu wa kulipinga hilo. Alikua akimwona baba yake akishinda siku tatu kwenye foleni ya ofisi ya ardhi, anaambiwa jalada halionekani, anarudi, anaambiwa mwenye ufunguo yuko msibani. Karani alifuta yote hayo. Hakuwa na msiba, hakuwa na ndugu wa kupendelea, hakuomba chochote chini ya meza. Mjini watu walishasahau kwamba kuna wakati cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha kutafutwa kwa miezi.

Sharti lilikuwa moja. Karani alitaka raia anayeelewa. Kwa hiyo kila mtu mzima alipaswa kufanya Kipimo, na kata ambayo watu wake tisini kwa mia wamefaulu iliitwa kata iliyohitimu. Kata iliyohitimu ilifungiwa dirisha lake, yaani ile kaunta ya mwisho yenye karani wa nyama na damu, lakini ilipewa vitu ambavyo kata nyingine ziliviota. Kikubwa kilikuwa ndege ya wagonjwa. Haikuwa na rubani wala muuguzi. Ilitua yenyewe, na walioko chini ndio waliomfunga mgonjwa kitandani kwa kufuata maelekezo ya Karani, ndiyo maana haikutumwa kwa watu wasiohitimu.

Edina alipelekwa Lihanje kuwa mkufunzi miaka mitatu kabla ya Jumanne ile. Ni kata ya vilima vya chai na viazi, ambako ukungu huondoka saa nne na watu hukaa na makoti mpaka Desemba. Alipanga chumba nyumbani kwa Sigrada na mzee Mtewele. Mzee alikuwa fundi seremala mstaafu, mtu wa utani, aliyemwita Edina "Serikali" na kumtengenezea kigoda kifupi cha kukalia jikoni karibu na moto.

Vijana walifaulu haraka. Wazee ndio waliogoma kufaulu. Haikuwa ujinga. Nyumbani walizungumza Kibena, na Karani alizungumza Kiswahili cha barua za ofisini. Kuridhia, kurejea, kuachia, kuidhinisha. Wakala wa Umahiri wa Kidijitali, uliomwajiri Edina, ulikuwa umeahidi kwamba Karani atajifunza lugha za nyumbani, lakini lugha hizo zilikuwa kwenye foleni, na Kibena kilikuwa nyuma kabisa ya foleni.

Mwaka wa kwanza ulipoisha Lihanje ilikuwa na sabini na moja kwa mia. Aprili iliyofuata mwalimu wa chekechea, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, alishikwa na uchungu wakati barabara imekatika. Wanaume wanane walimbeba kwa machela wakipokezana. Alifia mteremko wa pili, na Edina alikuwa anatembea kando yake ameshika mwavuli.

Baada ya mazishi yale ndipo alipoanza kukichunguza Kipimo chenyewe badala ya kuwachunguza wanafunzi wake. Akagundua jambo ambalo pengine hata watungaji walidhani ni siri. Mtu asiyeelewa husita. Kwa hiyo Karani hakupima jibu tu. Alipima na kimya kilicholitangulia. Jibu likija ndani ya sekunde mbili, na sauti isipotetemeka, aliandika: ameelewa. Na katika maswali kumi, saba yalihitaji kukubali. Saba yalitosha kufaulu.

Wazee wa Lihanje wasingeweza kujifunza Kiswahili cha ofisini kwa miezi minne. Lakini walikuwa wanakwaya.

"Msifikiri," Edina aliwaambia kwenye ukumbi wa kata. "Mkifikiri mnachelewa. Akimaliza tu kuuliza, mnajibu: ndiyo, nimeelewa, endelea."

Sigrada, kiongozi wa sauti ya pili, ndiye aliyewapigia mpigo kwa kugonga meza na vidole. Watu mia mbili na kumi na wanne walifunzwa hivyo, kumi kumi, na walicheka sana. Mzee Mtewele alisema huu ndio mtihani wa kwanza katika maisha yake ambao jibu lake linaimbika. Julai, kata ilifikisha tisini na tatu kwa mia. Kulikuwa na hafla, na bendera, na ng'ombe wawili. Dirisha likafungwa kwa kitasa kipya, karani wake akahamishwa, na Edina akapandishwa cheo kwenda wilayani.

Alijua kwamba wale wazee hawakuelewa. Alijiambia kwamba wataelewa polepole, kwamba watoto wao watawasaidia, kwamba la muhimu ni ndege. Na, akiwa mkweli kwa nafsi yake, alikipenda pia kile cheo.

* * *

Obadi Kaduma, mkuu wa Wakala wilayani, alisikiliza rekodi ile mara moja tu, mikono ameifumbata tumboni. Alikuwa mtu mpole, ambaye hakuwahi kumkaripia mfanyakazi mbele za watu.

"Umeshayafunga?" aliuliza.

"Bado, Bwana Kaduma. Sidhani kama naweza."

"Sheria inasema aliyehitimu ameelewa. Huyu mama amehitimu."

"Amehitimu kwa sababu nilimfundisha kujibu bila kuelewa. Bwana Kaduma, nilikuambia wakati ule."

"Uliniambia umepata mbinu. Sikuuliza mbinu gani. Hilo ni kosa langu, na sitakuachia peke yako. Lakini hebu tulitazame vizuri. Tangu Lihanje ihitimu, ndege imechukua watu wangapi?"

Edina alikuwa na idadi kichwani. "Kumi na tisa."

"Wamerudi wangapi?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba wanatembea. Ukiandika barua makao makuu kukiri hayo, na tume ikakuamini, kata inasimamishwa siku hiyo hiyo. Ndege inasimama. Tutawapima upya, watashindwa, na huo mpango wa lugha za nyumbani unaujua ulipo. Miaka mingapi? Mitano? Watakufa kina nani katika hiyo mitano?" Aliinama mbele. "Na huyo mjane. Sasa hivi anaamini serikali ilimsahau. Inauma, lakini anaweza kuishi nalo. Wewe unataka uende ukamwambie kwamba ni yeye, kwa mdomo wake, aliyemwachia mumewe kitanda?"

Edina alikuwa amejiuliza maneno hayo hayo tangu asubuhi.

"Wako mia mbili na kumi na wawili wengine," alisema hatimaye. "Karani anawauliza mambo kila siku. Mashamba, dawa, wajukuu. Na wote wanamjibu vilevile."

Kaduma alitazama dirishani. "Fanya unachoona sawa, Edina. Ila usiniambie kwamba kuna njia isiyo na maiti."

* * *

Alhamisi alikwenda Lihanje. Sigrada alikuwa uani, ameketi juu ya gunia, akichambua mbegu za viazi. Nzuri kulia, zilizooza kushoto. Alimwona akaachia uso wote ung'ae.

"Mwanangu! Mbona hukusema unakuja, ningechemsha makande."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Pole ya safari. Huku kwetu ndiyo hivyo, mzee ametuacha." Alijifuta mikono kwenye kitenge. "Nilimwambia Karani malalamiko yangu. Nilipata wasiwasi kama nimesema vizuri."

"Ulisema vizuri, mama. Yamefika kwangu." Edina aliketi chini kwenye nyasi, si kwenye kiti alichoonyeshwa. "Nimekuja kukupa majibu yake. Hawakuwasahau."

Alimweleza polepole, na alipofika kwenye swali la Karani alilisema kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kibena cha kuungaunga alichojifunza kwenye nyumba ile ile. Mikono ya Sigrada iliendelea kuchambua kwa muda, kisha ikasimama.

"Niliulizwa hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Nami nikakubali."

"Ulijibu nilivyokufundisha."

"Nataka kusikia."

Edina alisita. Sigrada hakurudia ombi; alikunjua tu kiganja na kukiacha wazi hewani mpaka Edina alipompa kisahani cha sauti alichokuja nacho, chenye ile rekodi. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika ile sauti ya kukohoa aliinua kidole.

"Rudisha hapo."

Edina akarudisha. "Wamesemaje?" mzee Mtewele aliuliza kutoka mbali.

"Tena."

Ilipigwa mara tano, sita. Sigrada hakulia. Alikuwa anaisikiliza sauti ile kama mtu anayehesabu.

"Na huyo aliyepewa kitanda," aliuliza baadaye. "Ni nani?"

"Msichana wa miaka ishirini na miwili. Sijui ni wa wapi, jina hawalitoi."

"Alipona?"

"Alipona."

Sigrada alitikisa kichwa taratibu. Kuku mmoja alikuja akadonoa viazi vilivyooza, wala hakumfukuza.

"Wewe ulijua kwamba sielewi," alisema.

"Nilijua."

"Pale ukumbini, tulivyokuwa tunacheka. Mimi napiga meza. Ulijua."

"Nilijua, mama. Nilitaka ndege ije. Nisamehe."

"Mimi nilidhani nimejifunza." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nilimwambia Ezekia, uzeeni huku nimehitimu. Alinichekea, akanipongeza." Alichukua kiazi, akakitazama, akakirudisha bila kujua akiweke upande gani. "Nenda, Edina."

Miaka yote alikuwa hajamwita kwa jina. Edina alisimama, akatoka uani. Alipofika barabarani aligundua kwamba amekiacha kile kisahani mikononi mwa Sigrada, na hakurudi kukichukua.

Barua ya kwenda makao makuu aliiandika Ijumaa. Aliandika kurasa mbili, akataja tarehe, ukumbi, idadi ya watu na maneno yenyewe aliyowafundisha. Hakumtaja Kaduma.

* * *

Tume ilikuja baada ya wiki tatu: watu watatu kutoka makao makuu, wakiongozwa na Bi. Mwanaidi Chande, mwanasheria mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusikiliza. Walikaa ukumbini, pale pale mafunzo yalipofanyika. Watu walijaa mpaka nje, na hali ya hewa ndani haikuwa nzuri. Habari zilishazagaa kwamba Serikali, kama walivyozoea kumwita Edina wakimwiga mzee Mtewele, amekuja kuwanyang'anya ndege.

Edina alisimama akaeleza yote. Alipomaliza, kulikuwa na mguno, na mwanamume mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Cheo umepata, sasa unatubomolea!"

"Mwalimu Mligo," Bi. Mwanaidi alisema, "una rekodi ya hayo mafunzo?"

"Sina. Nilihakikisha vidani vinaachwa nje."

"Basi tuna kauli yako, na tuna matokeo ya Kipimo yanayoipinga." Hakusema kwa ukali. "Nieleze sheria ili kila mtu ajue tulipo. Tume haiwezi kuifutia kata kuhitimu kwake kwa maneno ya mkufunzi peke yake. Inaweza tu kama raia aliyeathirika atathibitisha kwamba hakuelewa alichoulizwa. Raia huyo yupo?"

Sigrada alikuwa mstari wa mbele, amejifunga kitambaa cheusi. Kando yake alikaa mwanawe Nikodemo, dereva wa trekta la kiwanda cha chai, na mkewe aliyekuwa na mimba ya mapacha, miezi saba, anapumua kwa mdomo. Sigrada alisimama.

"Pole kwa msiba, mama," Bi. Mwanaidi alisema, akavua miwani. "Nina swali moja tu, na nalisema kwa Kiswahili chepesi. Siku ile Karani alipokuuliza kuhusu kitanda cha mzee, ulielewa kwamba ukikubali, mzee hatakwenda?"

Edina alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake. Aliona vidole vya yule mama vikikunja ncha ya kitenge, vikaiachia.

"Nilielewa," Sigrada alisema.

Edina alipiga hatua moja mbele.

"Mama," Edina alisema, "usi..."

"Mwache aseme," Bi. Mwanaidi alimkatiza. "Mama, ulielewa?"

"Nilielewa vizuri. Niliambiwa kuna mtu mwingine, yuko hatarini kuliko mume wangu. Mume wangu alikuwa ameishi. Nikakubali."

"Na malalamiko uliyotuma?"

"Ulikuwa uchungu. Mtu akifiwa husema mengi. Nayafuta."

Bi. Mwanaidi alimtazama kwa muda mrefu. Edina alidhani, na aliendelea kudhani hivyo miaka yote, kwamba mwanamke yule alijua. Alikuwa na umri wa kujua. Lakini alivaa miwani yake, akamgeukia mwandishi, akasema, "Iandikwe kwamba mhusika amethibitisha. Shauri limefungwa."

Nikodemo alikuwa amesimama. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba isiyo yake.

"Tulikaa pale kiwanjani siku nzima," alisema. "Nilimbeba mgongoni. Ulijua kwamba haiji?"

Sigrada alianza kukunja tena ncha ya kitenge.

"Mama, ulijua, ukamwacha avae koti?"

"Nilijua," Sigrada alisema.

Nikodemo alimshika mkewe mkono, wakatoka. Watu waliwapisha njia. Walipotoka wao, walianza kutoka wengine, na hakuna aliyepita karibu na Sigrada kumpa mkono.

* * *

Edina alimfuata njiani, kwenye kona ya kiwanda, akamkuta anatembea haraka kuliko umri wake.

"Kwa nini, mama? Ulikuwa na haki. Neno moja tu!"

"Mkwe wangu ana mapacha," Sigrada alisema bila kusimama. "Umemwona anavyopumua. Wamemwambia hawezi kuzalia hapa. Nitasema neno langu moja, halafu nimtazame anabebwa kwenye machela?"

"Basi mwambie Nikodemo. Nyumbani, mkiwa wawili. Au niache nimwambie mimi."

Sasa Sigrada alisimama. Alikuwa hatazami usoni. Alitazama kifua cha Edina, pale kidani kilipokaa.

"Nikodemo hawezi kunyamaza na jambo. Ataenda kupigana na wakubwa, ataisimamisha ndege kwa mikono yake mwenyewe. Hutamwambia. Utaniapia hapa."

"Mama, siwezi kukubali ubebe..."

"Wewe ulituamulia mara ya kwanza," Sigrada alisema. "Sasa nimeamua mimi. Hili nimeliamua mwenyewe, na nimelielewa. Apa."

Edina aliapa. Ilikuwa saa saba mchana, wachumaji wa chai wanapita na vikapu vyao, wanawasalimu kwa mbali na kupita.

Aliacha kazi mwisho wa mwezi. Kaduma alimwandikia barua nzuri ya kumshukuru, ambayo hakuifungua mpaka baadaye sana. Alirudi Lihanje, akapanga chumba kingine upande wa pili wa kata, na akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa wale mia mbili na kumi na wawili. Hakuwa na mamlaka yoyote tena. Alichofundisha sasa kilikuwa kigumu kuliko kwanza: kumsimamisha Karani, kumwambia aseme upya, kumwambia nitakujibu kesho. Baadhi walimfukuza. Wengi walimkaribisha kwa adabu, wakamsikiliza, na alipoondoka wakaendelea na mpigo wao wa zamani, kwa kuwa ulikwisha kaa mdomoni na ulikuwa haujawadhuru, au hawakujua kwamba umewadhuru. Hadi mvua za Machi alikuwa na watu sitini na mmoja aliowaamini.

Mwezi huo huo ndege ilitua kwenye kiwanja cha shule kumchukua mke wa Nikodemo. Alijifungua salama, wa kike na wa kiume. Wa kiume aliitwa Ezekia. Nikodemo alipita na watoto majumbani kuwaonyesha, jirani kwa jirani, kama ilivyo desturi, na nyumba ya mama yake akairuka. Edina alikuwa mmoja wa waliowapakata. Nikodemo alimwekea mtoto mikononi na kusema, "Angalau wewe ulijaribu kusema ukweli," na Edina akainamisha uso juu ya mtoto ili asionekane.

Juni, wakati wa kuvuna viazi, alipita karibu na shamba la Sigrada. Mama huyo alikuwa peke yake kwenye tuta refu, anachimba, anatikisa udongo, anatupa kwenye gunia. Zamani kwaya nzima ingekuwa pale ikimsaidia.

Edina alisimama ukingoni. Alitoa salamu. Haikujibiwa. Aliweka mkoba wake chini, akavua viatu, akachukua jembe lililolala kando ya gunia, akashika tuta la pili. Sigrada hakuinua kichwa. Hakumwambia aondoke, na hakumwambia abaki. Walichimba hivyo mpaka jua likahamia upande wa pili wa kilima, kila mmoja na tuta lake, na gunia likajaa. Edina alilishika ncha moja ili wasaidiane kulinyanyua.

Sigrada alilifunga kwa kamba, akachuchumaa, akalipandisha mgongoni mwenyewe, akaondoka nalo kuelekea nyumbani.